Kanuni ya Pumzi Moja

Jumamosi alasiri, mazoezi yalipokwisha, wanachama wa klabu ya matarumbeta walimwaga mate. Ndivyo vilivyo vyombo vya kupuliza: mvuke wa kinywa hugeuka maji ndani ya bomba, na maji hayo lazima yatoke. Kila mmoja aliiinamia ndoo iliyokuwa karibu na mlango, akafungua kijifuniko cha chini, akapuliza, akapangusa mdomo kwa kitambaa. Kisha viti vilivyokuwa nusu duara vikageuzwa kutazama meza ya mbele, na mkutano mkuu ukaanza. Chai ilikuwepo. Vikombe havikutosha, kama kawaida.

Klabu hii ilikuwa na katiba, na katiba ilikuwa na kanuni moja ambayo wageni huitilia shaka mpaka waione kwa macho. Mwanachama akiruhusiwa kuchangia hoja, huzungumza kwa pumzi moja. Anavuta hewa, anasimama, anasema. Akivuta hewa tena, nafasi yake imekwisha, hata kama yuko katikati ya neno. Waanzilishi wote walikuwa wapulizaji, na saa ya ukutani ilikuwa imekufa mwaka ule wa kuanza, wakaona pumzi ndiyo kipimo cha haki. Kila mtu ana pumzi, walisema. Hawakukosea. Kila mtu ana vidole pia, lakini vidole havilingani, na hilo hawakulifikiria.

Msimamizi wa kanuni alikuwa Kinyozi, mpiga klarineti, mtu wa maneno machache na mkono usiotetemeka. Alishika kijiti chenye uzi, na mwisho wa uzi palining'inia unyoya wa kuku. Aliuweka unyoya mbele ya mdomo wa msemaji. Ukipeperuka kuelekea nje, mtu anasema. Ukigeuka kuelekea mdomoni, Kinyozi alisema, "Ahsante," na mtu akakaa.

Kanuni hiyo ilimfaa sana Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa muuza matairi na mpiga besi, lile tarumbeta kubwa linalozungushwa mwilini kama chatu, na kifua chake kilikuwa pipa. Kwa pumzi moja alisoma taarifa ya mwaka, akawashukuru waliostahili na wasiostahili, akamtania mtu au wawili, na hewa ikabaki ya kuulizia hali za wagonjwa. Kura nazo zilipigwa kwa mdomo, na katiba ilisema upande wenye sauti kubwa ndio ulioshinda. Haikusema sauti nyingi, ilisema kubwa. Si mara moja ukumbi wote ulisema ndiyo, Mwenyekiti peke yake akasema siyo, siyo ikashinda, na watu wakaenda kunywa chai.

Na aliyekuwa chini kabisa alikuwa Dobi. Dobi alipiga matoazi, maana kifua chake kilikuwa na pumu tangu utotoni na hakikuweza kupuliza hata filimbi ya mwamuzi. Mchana alifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba chenye dirisha moja, na mvuke wa pasi haukumsaidia. Kwa muda wote wa uanachama wake alikuwa amesema mkutanoni maneno ambayo yangeenea kwenye kibandiko cha kola ya shati.

"Mwenyekiti, mimi naona kwamba—"

"Ahsante," Kinyozi alisema, kwa huzuni ya kweli.

Klabu ilijua kwamba Dobi anaona. Anaona nini, hakuna aliyejua. Mwaka mmoja alijaribu kupinga jambo kwa njia ya utaratibu, akasimama na kusema, "Mwenyekiti, kuhusu utaratibu," na utaratibu ukaishia hapo.

Jumamosi hiyo alikuja akiwa amefua joho lake mwenyewe la klabu na kulinyoosha kuliko la mtu yeyote, kwa sababu ajenda ya nne ilikuwa juu ya baba mkwe wake.

Mzee huyo aliitwa Parapanda. Alipiga tarumbeta katika klabu hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na jina hilo alipewa na watu wa mtaa, ambao walisema siku ya kiyama hakuna haja ya kumsumbua malaika. Sasa meno yake ya mbele yalikuwa yameanguka, yote, katika msimu mmoja, na bila meno ya mbele midomo haina pa kuegemea. Akipuliza, tarumbeta lilitoa upepo tu. Kifungu kimoja cha katiba kilisema mwanachama asiyetoa sauti msimu mzima amejiondoa mwenyewe, na chombo kirudi stoo. Kwa bahati iliyo njema kwa baadhi ya watu, shemeji yake Mwenyekiti alikuwa ameanza kujifunza tarumbeta na hakuwa na la kupiga.

Dobi na Parapanda waliishi wawili tu. Mume wa Dobi, mwana wa pekee wa mzee, alikuwa amefariki, na ndugu walitegemea mjane angefunga virago. Hakufunga. Mzee hakumwambia abaki, ila kesho yake alimletea nyumbani matoazi mawili ya klabu, akamwambia, "Vyombo hivi havihitaji kifua, mwanangu. Vinahitaji kujua lini." Akamfundisha kuhesabu. Jioni zote zilizofuata walikaa barazani, yeye akinong'ona hesabu na mzee akisugua tarumbeta kwa kitambaa laini mpaka likaonyesha sura za wapita njia. Dobi alimpenda mzee yule waziwazi, kama mtu anavyompenda baba, na alijua kwamba tarumbeta likitoka katika mikono ile, mikono ile haitapata kazi nyingine.

Asubuhi ya mkutano alikuwa amemuuliza, "Baba, utasema nini leo?"

"Nitasema nini na mdomo wenyewe ni mlango usio na bawaba?" mzee alijibu, akacheka, kisha hakucheka tena.

Ajenda ya nne ilipofika, Mwenyekiti alitoa hoja mwenyewe. Mwenye kiti hatakiwi kutoa hoja akiwa amekalia kiti, na wote walilijua hilo, lakini kulisema kulihitaji pumzi na kila mtu alikuwa anaitunza yake. Akavuta hewa. Mapazia yaliinuka kidogo kumwelekea.

Alisema anamheshimu mzee. Alisema hakuna asiyemheshimu mzee. Alieleza historia ya klabu, umuhimu wa nidhamu, na tabia ya vyombo kupata kutu visipotumika. Alisema klabu ya sauti haiwezi kubeba watu wasio na sauti, kwa maana tukibeba mmoja leo, kesho tutabeba bendi nzima ya mabubu. Alisema hana maslahi yoyote katika jambo hili. Shemeji yake, aliyekaa nyuma akiwa mgeni mwalikwa, aliitikia kwa kichwa. Unyoya ulikuwa umelala kuelekea nje muda wote huo bila kutikisika, na ulipogeuka mwishowe, chai ilikuwa imepoa.

"Ahsante," Kinyozi alisema.

"Mtuhumiwa ana haki ya kujitetea," Mwenyekiti alisema. "Kwa pumzi moja."

Parapanda alisimama. Kinyozi akasogeza unyoya. Mzee alivuta hewa, lakini hakujitetea. Alimgeukia mkwewe.

"Kifungu cha kuachiana," alisema. "Namwachia Dobi pumzi yangu."

Kifungu hicho kilikuwepo. Waanzilishi walikiandika kwa ajili ya mwenye mafua: mwanachama anaweza kumwachia mwenzake pumzi yake. Hakikuwa kimetumika kwa muda mrefu, na waliowahi kukitumia waliruka tu zamu yao wakaendelea na chai. Parapanda alikitumia kama kilivyoandikwa. Pumzi ilimtoka, ikakatiza mstari wa mbele, ikamwingia Dobi, na mzee akaketi bila kupumua, mikono juu ya tarumbeta, akiwa amestarehe.

Dobi alisimama. Pumzi ya mkwewe ilikuwa kubwa kuliko alivyotegemea, na ilinukia dawa ya kusugulia shaba.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi naona kwamba paa linavuja juu ya ngoma kubwa."

Ndilo alilokuwa analiona, miaka yote hiyo. Watu walitazama juu, na kweli palikuwa na doa.

"Naona kwamba mlango wa stoo haufungi, na naona kwamba tunafanya mazoezi tukilitazama jua machoni wakati tunaweza kugeuza viti. Na kuhusu utaratibu, Mwenyekiti, mtu akitoa hoja hushuka kwanza kitini, mwingine akakikalia. Hayo ni ya zamani. Sasa naja kwa baba."

Hapo sauti yake ilianza kukonda. Pumzi ya mzee ilikuwa inafika mwisho. Unyoya ulilegea, ukasimama wima, na Mwenyekiti akaitwaa kalamu kwa furaha.

"Namwachia yangu," alisema Mwokaji.

Mwokaji alikuwa mama mnene, mpiga tromboni, ambaye alikuwa na donge lake na Mwenyekiti tangu siku hoja yake ya kusogeza mazoezi ya alfajiri iliposhindwa kwa siyo moja. Pumzi yake ilipita juu ya vichwa ikiwa na joto la tanuri. Mwokaji akafunga mdomo, akaacha kupumua, akatoa ufumaji wake mkobani.

Unyoya ukalala tena kuelekea nje.

"Mnasema baba hatoi sauti," Dobi aliendelea. "Ni kweli. Lakini nani hapa anatoa sauti wakati wote? Kwenye karatasi zetu kuna nota na kuna alama za kimya. Ikifika alama ya kimya, mtu hashushi chombo akaenda zake nyumbani. Anakishika, anahesabu, anangoja pamoja na wenzake. Ule wimbo wa maandamano, besi inakaa kimya ukurasa mzima. Mbona hatujawahi kumfukuza Mwenyekiti ukurasa huo?"

Mtu alicheka nyuma, kisha akasema haraka, "Na mimi namwachia," na kicheko chake kikamkatikia mdomoni pamoja na pumzi. Alikuwa muuza miwani. Baada yake alisimama mpiga ngoma ndogo, halafu mstari wote wa matarumbeta, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akitaja kifungu kama inavyotakiwa. Pumzi zilimjia Dobi moja moja: nyingine ya vitunguu, nyingine ya karafuu, ya mwalimu wa chekechea ikiwa na vumbi la chaki. Waliozitoa walikaa wima vitini mwao, wametulia. Mmoja alijikata kucha.

"Pointi ya utaratibu!" Mwenyekiti alisema. "Amepumua!"

"Hajapumua," alisema Kinyozi.

"Kinyozi, wewe unaona nini?"

"Naona unyoya, Mwenyekiti. Haujageuka."

"Basi sema umegeuka, tuendelee na ajenda."

Kinyozi alikuwa amemnyoa Mwenyekiti kila Ijumaa kwa miaka mingi, na hakuwahi kumkata wala kumbishia. Alifikiri kidogo. "Ukigeuka nitasema," alijibu, na mkono wake haukutetemeka.

Dobi alisema kila kitu. Alisema jinsi mzee alivyompigia mwanawe kaburini bila kukosea nota, kisha akarudi nyumbani akashindwa kufungua kitasa. Alisema nusu ya wapulizaji walioketi pale walifundishwa na yeye, bure, barazani, na wengine walimvunjia vikombe. Alisema bendi haikujengwa kwa kelele. Ilijengwa kwa watu kusubiriana. Alisema mzee Parapanda yumo ndani ya alama ndefu ya kimya, na hakuna aliye na haki ya kumnyang'anya chombo mtu anayehesabu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyapangusa, maana mikono yake ilikuwa imeshika nyuma ya kiti. Hakuwahi maishani mwake kufika mwisho wa jambo. Sasa alifika mwisho wa jambo moja, akaanza jingine, akalimaliza nalo, na raha yake ilionekana hata kwa waliompinga.

Alipotosheka alinyamaza mwenyewe. Hewa ilikuwa bado ipo.

"Tupige kura," Mwenyekiti alisema kwa sauti ya mtu aliyerudi nyumbani kwake. "Wanaotaka Mzee Parapanda abaki waseme ndiyo. Wasiotaka waseme siyo. Sauti kubwa ndiyo sheria. Nitaanza na siyo."

Hapo ndipo wanachama walipotambua kosa lao, kosa ambalo wapulizaji pekee wangeweza kulifanya. Walikuwa wamempa Dobi pumzi zote, na hawakujibakizia ya kupigia kura. Mwokaji alifungua mdomo, mdomo ukawa wazi tu. Muuza miwani alijaribu kwa mikono, lakini katiba haikutambua mikono. Mwenyekiti aliutazama ukumbi ule wa watu wasio na hewa, akatabasamu, akavuta yake mpaka vifungo vya shati vikalalamika.

"SIYO," alisema.

Vikombe viligongana mezani. Kidirisha cha juu kilijifunga chenyewe. Ilikuwa siyo nzuri, labda bora kuliko zake zote, na mtu mwenye haki hawezi kuikana.

Dobi alimtazama mkwewe. Mzee aliinua kidole kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu, kama alivyomfundisha barazani. Kwenye kidole cha nne aliushusha mkono wote.

"NDIYO," alisema Dobi.

Ilitoka na pumzi zote. Ndani yake mlikuwa na tanuri la Mwokaji na chaki ya mwalimu, na chini kabisa mlikuwa na pumzi ya mzee. Ngoma kubwa ilivuma yenyewe. Matarumbeta yaliyokuwa magotini yaliitikia, kila moja kwa nota yake, na tarumbeta la Parapanda likaitikia kwa nota safi ya juu ambayo halikuwa limeitoa tangu meno yaanguke. Besi la Mwenyekiti, lililokuwa limeegemezwa ukutani, liliitikia pia, na mwenyewe alilitupia jicho la kulilaumu. Doa la kwenye paa lilipasuka, mwanga ukaingia. Barabarani watu walisimama, wakasikiliza, wakaendelea na safari zao.

Sauti ilipokwisha, Mwenyekiti alikohoa. Alikuwa mtu wa sheria, hasa zilizomnufaisha, na hakuweza kuikana hii mbele ya watu. "Ndiyo imeshinda," alisema.

Dobi alirudisha pumzi. Alipita kiti kwa kiti akimpulizia kila mtu yake, na kila mtu alishtuka kidogo kama aliyeamshwa, akasema ahsante. Kwa haraka zilichanganyika mbili: muuza miwani alinukia mkate wiki nzima, na Mwokaji, baada ya kuijaribu ile ya muuza miwani, alisema haina neno, ni nyepesi kidogo tu. Ya mkwewe aliirudisha mwisho, kwa mikono miwili na goti limekunjwa.

Parapanda alipumua. Alilikumbatia tarumbeta kifuani na akalia mbele ya watu wote, na watu wote wakamwacha alie.

Katika ajenda ya mwisho, ya mengineyo, Mwenyekiti alitangaza kwamba, kwa mamlaka aliyopewa na kiti, kifungu cha kuachiana pumzi kimesimamishwa kuanzia dakika hiyo, kwa ajili ya afya za wanachama. Akauliza kama kuna la zaidi.

Dobi aliinua mkono. Kinyozi akaleta unyoya. Sasa alikuwa na kifua chake kile kile, na pumu yake ile ile.

"Mwenyekiti, naomba kutoa hoja kwamba," alisema, na unyoya ukageuka.

"Ahsante," Kinyozi alisema.

"Anayefuata," alisema Mwenyekiti, na ukali ulikuwa umerudi katika sauti yake.

Mwokaji alisimama, akavuta hewa. "Kanuni ya pumzi moja iliyomo katika katiba yetu, ambayo imewanyima watu nafasi ya kusema," alisema, akakaa kabla hajaishiwa.

"Anayefuata."

"Hasa wagonjwa na wazee," alisema muuza miwani.

"Anayefuata!"

"Na wapiga matoazi," alisema mpiga ngoma ndogo.

Ilipita mstari kwa mstari. Hakuna aliyemwachia mwenzake kitu; kila mmoja alitumia pumzi yake halali, katika zamu yake halali, na akaanzia pale mwenzake alipoishia. Mwenyekiti alikuwa anatafuta kifungu na hakukipata. Kinyozi alipofika mwisho wa mstari wa mwisho aliuweka unyoya mbele ya mdomo wake mwenyewe, akasema, "Na wanaoshika unyoya," kisha akajishukuru. Akabaki mwanachama mmoja tu, yule ambaye nusu saa iliyopita hakustahili kuwa mwanachama. Alisimama na mdomo wake usio na bawaba.

"Ifutwe," alisema Parapanda.

Mwenyekiti aliamua kwamba hoja hutolewa na mtu mmoja, na hii imetolewa na watu wengi, kwa hiyo si hoja. Akaitupa. Akafunga mkutano.

Kanuni ya pumzi moja ipo mpaka leo, haijaguswa hata nukta, na Mwenyekiti naye yupo. Hoja ile hutupwa kila mkutano. Na kila mkutano Dobi husimama, husema maneno yake manne au matano, kisha huketi na kusikiliza ukumbi mzima ukimalizia anachokiona.